Mbona Hujibu?

Nilimaliza The Fifth Season ya N. K. Jemisin bila kufungua ukurasa hata mmoja. Niliisikiliza kwenye matatu za 111, Ngong kwenda tao na kurudi, waya masikioni, makanga akinigonga bega nitoe pesa. Robin Miles ndiye aliyenisomea. Ni riwaya ya mwaka 2015, kuhusu nchi ambayo ardhi yake haitulii, na watu waliozaliwa na nguvu za kutuliza mitetemeko. Jioni moja nilishuka Ngong sauti bado inaendelea, nikaangalia milima, nikakumbuka kwamba nyuma yake nchi inaporomoka hadi Bonde la Ufa. Sikuhitaji kufikiria sana.

Rafiki yangu mmoja, msomaji sugu, aliniambia hiyo si kusoma. "Wewe umesomewa," akasema, kama mtu anayesema umebebwa. Nilinyamaza. Niliacha chuo mwaka wa pili, na aliyeacha chuo hapendi kuulizwa kama kitabu amekisoma au amekiruka. Lakini neno lile lilinifuata nyumbani. Nikaanza kujiuliza: tangu lini hadithi za mazimwi zikawa kazi ya macho?

Hapa kwetu hata milima ina hadithi. Wanasema vilele vya Ngong ni vifundo vya vidole vya jitu lililojikwaa likaanguka. Sijawahi kukutana na mtu aliyeisoma hiyo kwanza. Kila mtu aliisikia. Mwaka 1905, afisa wa kikoloni A. C. Hollis alichapisha kitabu kuhusu lugha na masimulizi ya Wamaasai, na mazimwi yamo humo. Yalifika kwenye karatasi yakiwa tayari wazee.

Pwani ni vivyo hivyo. Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere alitoa London kitabu cha ngano kama zilivyosimuliwa na watu wa Zanzibar. Mojawapo ni ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka anaanza kwa kula ndama, sultani anasema mwacheni, ni wangu. Anaendelea hadi kwa watu, anakuwa nunda. Mwana mdogo wa sultani anaingia porini kumtafuta. Anaua mnyama, anamletea mama yake, na mama anamjibu kwa wimbo kwamba huyu siye. Anarudi tena porini. Punda milia, siye. Twiga, siye. Kifaru, tembo, siye. Ukiangalia vizuri, hiyo ni siris kamili: kila mnyama ni sehemu moja, na kila sehemu inakuacha ukitaka inayofuata.

Steere aliona jambo jingine, akaliandika kwenye utangulizi wake. Ngano hizi zilikuwa na vipande vya kuimbwa, na waliohudhuria wote waliimba. Mara nyingi mifupa ya hadithi ilikuwa ndani ya nyimbo hizo. Maneno ya katikati msimulizi aliyatunga papo hapo.

Vitabu vya sauti tunavyovijua vilikuja kwa njia tofauti kabisa. Miaka ya 1930, Marekani na Uingereza zilianza kurekodi vitabu kwenye sahani za santuri kwa ajili ya watu wasioona. Kule Uingereza kuna wanajeshi waliokuwa wamepofushwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1935 walipata riwaya ya Agatha Christie, santuri baada ya santuri, kila upande kama dakika 25. Nani angethubutu kumwambia askari yule kwamba hajasoma? Hoja ya rafiki yangu ilikufia hapo.

Lakini nikikaa na maneno ya Steere, naona kuna shtaka jingine ambalo rafiki yangu hakulitaja. Robin Miles hanihitaji. Nikilala yeye anaendelea. Nikipiga kelele kwamba huyo mwanamume anadanganya, abiria ndio watakaoshtuka, si yeye.

Shosho alikuwa ananihitaji. Alikuwa na hadithi ya mhunzi aliyekwenda mbali kufua vyuma, akamwacha mkewe mjamzito. Mke akajifungua, na zimwi likaja kujifanya mkunga, likawa linampakulia chakula kisha linakila lenyewe. Akamtuma njiwa akamwimbie mume wake arudi haraka. Ni hadithi maarufu ya Kikuyu, imo vitabuni. Shosho lakini alikuwa na yake. Njiwa wake alichukua siku kadhaa kufika, na kila usiku stima zikipotea tulimpeleka mbele kidogo. Alipita mito, aliulizwa maswali na viumbe ambao siwaoni kwenye kitabu chochote.

Shosho hayupo sasa. Kwenye simu nina saa nyingi za mashetani ya watu wengine, na ya shosho sina hata dakika moja. Wimbo wa njiwa ninao wote, kila neno. Wale viumbe wa njiani, waliokuwa wake peke yake, wamepotea. Kumbe Steere alinieleza kabla sijazaliwa: tulichoimba pamoja kimebaki, alichotunga peke yake kimeondoka naye.

Wikendi iliyopita nilimwomba mama anisimulie anachokumbuka. Nikaweka simu mezani, nikabonyeza kurekodi, nikakaa kimya kama mtu wa studio. Akafungua kama shosho alivyofungua: "Ugai itha!" Ni kama hadithi hadithi, inadai jibu. Nikatulia. Akasema tena. Kisha akaniangalia.

"Mbona hujibu?"

"Naogopa kuharibu rekodi, mathe."

"Basi mwambie simu yako ijibu."

Nikajibu. Akaendelea. Alimkumbuka kiumbe mmoja niliyekuwa nimemsahau kabisa, chura mzee aliyemdai njiwa ushuru wa kuvuka mto, na tulipofika kwenye wimbo tukaimba wote wawili, mimi nikitoka nje ya sauti vibaya sana. Rekodi ni ya dakika 14. Sijakata kitu.