Mwalimu, Mtei na ada ya mama

Najua nimepotea. Majaribio yamefululiza, bumu halijaingia, tunaishi kwa chipsi dume na maji ya bomba. Lakini Jumatano tulikuwa na semina ya historia, mada IMF na Tanzania, na mwalimu wa semina akatupa swali moja tu: mwaka 1979 nani alikuwa sahihi, Nyerere au Mtei?

Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Nikasema Mwalimu, tena bila maelezo marefu, kwa sababu IMF ndiyo iliyomtoa mama yangu shule. Darasa zima likacheka. Mimi sikuwa natania. Nyumbani kwetu hadithi hiyo nimekua nayo. Sasa tangu siku ile nimeshinda maktaba, na jamani, nusu ya ile hadithi imenifia mikononi.

Tuanze na hali yenyewe. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na tukalazimika kuanzisha upya shirika la ndege, reli, posta, kila kitu. Bei ya kahawa iliyopanda sana 1976 na 1977 ikaporomoka. Oktoba 1978 Amin akavamia Kagera. Vita tukashinda, ila kwa fedha za kigeni ambazo hatukuwa nazo, na 1979 hiyohiyo mafuta yakapanda bei tena. Mwalimu akawaomba wananchi wafunge mikanda miezi 18. (Muulize mzee yeyote ile miezi 18 iliisha lini, utaona anavyocheka.)

Hapo ndipo serikali ikaenda IMF, na IMF ikaja na masharti: shusha thamani ya shilingi, punguza matumizi ya serikali, zuia mishahara, legeza udhibiti wa bei. Waziri wa Fedha alikuwa Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, na yeye aliona hatuna ujanja, tukubaliane nao. Mwalimu akakataa katakata, wageni wakaondoka mikono mitupu, Mtei akajiuzulu Desemba 1979. Siku ya mwaka mpya 1980 Mwalimu akawauliza mabalozi tangu lini IMF imekuwa Wizara ya Fedha ya dunia nzima. Mpaka leo nikiisoma hotuba ile nasisimka, siwezi kuwadanganya. Mtei naye baadaye, katika miaka hiyohiyo ya 1980, akawa mkurugenzi mtendaji huko IMF Washington. Dunia ina mambo.

Na Mwalimu alikuwa na sababu za kutowaamini hawa wakubwa. Angalieni kiwanda cha viatu cha Morogoro. Benki ya Dunia, ambaye ni ndugu wa IMF, ilikigharamia ili sehemu kubwa ya viatu iuzwe Ulaya. Jengo likawekewa kuta za alumini, halina matundu ya hewa, Morogoro ile mnayoijua kwa joto! Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake. Deni lakini lilikuwa letu. Kwa hiyo mtu akikuambia wataalamu wa nje walijua na sisi hatukujua, mpeleke Morogoro.

Sasa upande wa pili, ule ulionitia aibu. Babu mzaa mama alikuwa mkulima wa kahawa Marangu, kijiji kimoja na Mtei, ingawa moyo wake wote ulikuwa kwa Mwalimu. Vyama vya ushirika vilifutwa 1976, KNCU ikiwemo, kwa hiyo kahawa yake ilinunuliwa na mamlaka ya serikali. Kahawa iliuzwa nje kwa dola. Dola hiyo serikali iliihesabu kama shilingi 8 na kitu, wakati mtaani ilikuwa inabadilishwa kwa mara kadhaa ya hapo. Maana yake kila gunia la babu lilikatwa kodi ambayo haikuandikwa popote. Na hata hicho kidogo alicholipwa hakikuwa na cha kununua: sabuni foleni, sukari foleni, viwanda vinafanya kazi chini ya theluthi ya uwezo kwa kukosa vipuri. Kushusha thamani ya shilingi, lile sharti nililolitukana mbele ya darasa, kungeweza kumwongezea babu kipato. Sijui kama angekubali ukimwambia.

Mkataba mmoja na IMF ulisainiwa Septemba 1980 ukavunjika haraka. Serikali ikajaribu mipango yake yenyewe, 1981 na 1982. Mwaka 1983 Sokoine akawasaka walanguzi, na kwa muda watu walikuwa wanatupa bidhaa usiku wasikamatwe nazo, ila kusaka hakuzalishi sabuni. Hapa Mlimani wenyewe walikuwa wamegawanyika, wachumi kama Benno Ndulu na Ibrahim Lipumba wakitaka mageuzi, wenzao wakiwaona wamenunuliwa. Hata marafiki zetu wa Skandinavia wakaanza kusema tumalizane na IMF kwanza.

Halafu nikafika bajeti ya Juni 1984. Ruzuku ya sembe ikaondolewa, shilingi ikashushwa hadi 17 kwa dola, na ada ya sekondari ikarudishwa. Nikasoma mara mbili. 1984! Mwalimu bado yuko Ikulu, na mkataba na IMF ulikuja Agosti 1986, Mzee Mwinyi akiwa rais. Shinikizo lilikuwepo, sikatai. Lakini iliyorudisha ada ni serikali yetu, kwa sababu sanduku lilikuwa tupu.

Mama alichaguliwa kidato cha kwanza 1986. Mjomba alikuwa kidato cha tatu. Babu alikuwa na ada ya mmoja.

IMF simsafishi, msinielewe vibaya. Kuanzia 1986 shilingi ilianza kwa kushushwa hadi 40 kwa dola, mshahara wa mwalimu ukawa wa kununulia nauli, na walimu wakaanza kuuza maandazi darasani. Uandikishaji wa shule za msingi, uliokuwa zaidi ya asilimia 90 mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukashuka chini ya 80 miaka ya 1990. Ada ya msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati tunasamehewa madeni, na ya sekondari mwanzoni mwa 2016. Mimi ninayesomea ualimu naingia kwenye nyumba iliyobomolewa wakati ule.

Jana usiku nikampigia mama. Nikamweleza yote: bajeti, tarehe, kahawa ya babu, kwamba IMF hawakuwa wamefika bado. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilijua siku zote ni babu yako ndiye aliyechagua. Hiyo ya IMF mjomba wako ndiye alianza kuisema."

Mjomba anakuja Dar mwisho wa mwezi. Nitamuuliza, nikishapata hilo bumu la kumnunulia soda.