Chai ya Rungwe yatafuta jina lake

Tangu Novemba 2023 Tanzania ina mnada wake wa chai, Dar es Salaam. Kabla ya hapo chai yetu nyingi ya kuuzwa nje ilipitia mnada wa Mombasa, ikachanganywa na ya wengine, ikamfikia mnywaji bila kujulikana imetoka wapi. Rungwe inahusika na habari hii kuliko wilaya nyingi, maana hapa chai imetimiza zaidi ya karne.

Wajerumani waliijaribu kwanza Amani, Usambara, mwaka 1902. Miaka miwili baadaye ikapandwa Kyimbila, jirani na Tukuyu, mji waliouita Neu Langenburg. Udongo wa volkano na mvua nyingi vikaipokea vizuri. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yakaingia kutoka Nyasaland, na mashamba ya Wajerumani yakachukuliwa kuwa mali ya adui. Kilimo cha chai cha kibiashara nchini kikashika kasi kuanzia 1926, mikononi mwa walowezi. Mkulima mdogo aliingia kwa wingi baada ya Uhuru.

Huyo ndiye aliyebeba mzigo, na masimulizi ya wakulima wa zamani hayatoki kwenye jambo moja: lori. Jani bichi la chai halisubiri. Likirundikwa kwa saa nyingi hupata joto, hugeuka jekundu, na kiwandani hukataliwa. Chini ya Mamlaka ya Chai ya serikali, hasa miaka ya 1980, magari yalikosa vipuri na barabara za Mwakaleli ziligeuka tope. Mama alichuma tangu alfajiri, akapeleka bandani, akasubiri mpaka giza, lori lisije. Kesho yake alimwaga alichochuma. Hata jani lililofika kiwandani, malipo yake yalichelewa miezi. Wengi waliyaacha mashamba, na mchai usiopogolewa hukua ukawa mti. Wapo wanaosema wakulima waliikimbia chai kwa uvivu. Nakataa kabisa: walichuma, wakapima, hawakulipwa kwa wakati.

Baada ya ubinafsishaji, viwanda vya Katumba na Mwakaleli vikawa chini ya Wakulima Tea Company. Chama cha wakulima wadogo, RSTGA, kikapata hisa humo pamoja na kampuni ya TATEPA, na chai ikauzwa Ulaya kwa masharti ya biashara ya haki. Mivutano ya bei na ya vyama imeendelea tangu hapo.

Lakini jina bado halijapatikana. Sokoni Kariakoo mteja huomba mchele wa Kyela kwa jina, na wapo wauzaji wanaolitumia jina hilo kwa mchele wa kwingine. Kyela ni jirani yetu wa bondeni. Chai ya Rungwe haijawahi kuombwa hivyo. Mnadani kila mzigo huuzwa kwa alama ya kiwanda, kwa hiyo waonjaji na madalali wanaijua Katumba. Bodi ya Chai na halmashauri zihakikishe jina hilo linabaki kwenye pakiti pia, nalo lianze kumlipa aliyechuma.