Mali Nyingine: Mashine ya Santuri ya Minago na Swali la Umiliki

Mwanafunzi wa historia hufundishwa kutafuta ushahidi katika nyaraka na katika masimulizi ya wazee. Insha hii inatumia ushahidi wa aina ya tatu, yaani kifaa. Nyumbani kwetu Minago, kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Rumonge, kuna mashine ya kupigia santuri iliyobadilishwa mno, kiasi kwamba hata waliyoiunda wasingeitambua. Hoja yangu ni kwamba mabadiliko hayo ndiyo historia yake. Aidha, yanatusaidia kulitazama swali gumu la mwambao huu: mali iliyoachwa na mmoja, kisha ikatunzwa na kuongezewa na mwingine, ni ya nani?

Tuanze na jinsi muziki wa santuri ulivyotufikia. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, bidhaa nyingi za Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, zilishuka Dar es Salaam, zikapanda reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha zikavuka ziwa kwa meli. Mkataba wa mwaka 1921 uliwapa Wabelgiji sehemu zao za bandari Dar es Salaam na Kigoma. Muziki wenyewe ulitoka pande mbili. Mashariki kulikuwa na taarabu ya Zanzibar, ambayo Siti binti Saad aliirekodi Bombay mwaka 1928. Magharibi kulikuwa na Léopoldville, ambako lebo ya Ngoma ilianza mwaka 1948, zikafuata Opika na Loningisa. Watu wa mwambao, wenye ndugu Kigoma na Uvira, walisikiliza pande zote mbili.

Babu yangu alinunua mashine yake Bujumbura katika miaka ya 1960, kwa fedha za mawese. Ilikuwa Philips ya kubeba mkononi, ya mawe ya betri, na spika yake ilikuwa ndani ya kifuniko. Ilizunguka kwa spidi za 33, 45 na 78. Pamoja nayo alikuwa na santuri za African Jazz ya Grand Kallé na OK Jazz ya Franco.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza kusini mwa nchi, na Rumonge na Nyanza-Lac zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kukumbwa. Watutsi wengi waliuawa. Serikali na jeshi wakajibu kwa mauaji makubwa ya Wahutu nchi nzima. Makadirio mengi yanataja watu kati ya 100,000 na 300,000. Babu alivuka ziwa kwa mtumbwi usiku. Aliishia Ulyankulu, mkoani Tabora, na akakaa huko miaka thelathini na saba. Mashine ilibaki.

Jirani aliichukua, na huyo huyo ndiye aliyelima sehemu ya shamba letu na kupanda michikichi. Tukiifungua mashine leo tunaona kazi yake. Mota ya kwanza iliungua. Alitia mota ya redio kaseti, kifaa kilichokuwa kikiziondoa santuri sokoni wakati huo. Mkanda aliukata kutoka tyubu ya baiskeli. Sanduku lilipooza kwa unyevu wa ziwa, alichonga jingine kwa ubao wa boti kuukuu. Spika ya kifuniko ilichanika, akaweka ya gari. Kwa mota hiyo ndogo, spidi ya 78 ilikufa kabisa. Vya asili vilivyobaki ni viwili: sinia linalozunguka na mkono wa sindano.

Kuanzia mwaka 2008 wakimbizi wengi wa 1972 walirejea kutoka Tanzania. Babu alirudi mwaka 2009. Wakati huo migogoro ilikuwa ikipelekwa mbele ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006. Mwanzoni tume hiyo ilihimiza pande mbili zigawane. Baadaye ikaelekea kumrudishia mkimbizi ardhi yake yote, na kesi zilizodhaniwa zimekwisha zikafunguliwa upya. Mchikichi huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa, hivyo aliyeupanda naye alikuwa na jasho lake pale.

Shamba letu liligawanywa. Mashine, iliyokuwa hasa "mali nyingine", haikufika mbele ya tume. Jirani alidai kwamba babu aliacha sinia na mkono tu, na vingine vyote ni vyake. Babu alijibu kwamba bila sinia na mkono, vingine vyote vingekuwa redio mbovu na ubao. Wote wawili walisema kweli. Kuigawa kungeiua, na kuirudisha kama ilivyokuwa mwaka 1972 kusingewezekana, kwa kuwa mashine ya 1972 haipo tena.

Wazee walipochoka kubishana, niliinunua mimi kwa bei ya baiskeli iliyotumika, nusu kwa kila nyumba. Nia yangu ilikuwa kuirejesha katika hali ya kiwandani. Nilikuwa nimesoma kuhusu wapenzi wa santuri wa Ulaya wanaozibadilisha mashine kama Garrard 301 ya mwaka 1954, wakizijengea masanduku mazito ili sauti itulie. Wao hubadilisha ili wasikie vizuri zaidi; Minago ilibadilishwa ili isikike hata kidogo. Nilipotaja kung'oa mota na ubao, wazee wote wawili walikataa kwa pamoja, mara ya kwanza kukubaliana juu ya mashine ile. Nikaacha. Ningefuta miaka thelathini na saba ambayo familia yetu haikuwapo, na hiyo pia ni historia ya Minago.

Huwa tunaipiga usiku wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti ndagala, wavuvi hubaki nchi kavu, na betri za taa zao hupata nafasi. Mtoto wa jirani huleta betri, mimi huleta santuri. Sauti huyumba kidogo kwa sababu mkanda wa tyubu haulingani unene, na wazee hulalamika, kisha huomba wimbo urudiwe.

Sidai kwamba ardhi inaweza kuamuliwa hivi. Mashine haimlishi mtu, na watu wawili wanaweza kuisikiliza kwa wakati mmoja. Shamba haliko hivyo. Lakini wanaoandika historia ya kurejea kwa wakimbizi huuliza zaidi nani alikuwa mwenye mali mwanzoni. Mashine hii inatufundisha kuuliza pia nani aliifanya idumu.