Mombasa Ilikuwa Mwendo wa Wiki Kadhaa

Ndege ya Mombasa ikishapaa kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hukaa angani kama dakika 45. Ni kilomita takriban 420 kwa mstari ulionyooka, na mstari huo unaikata Makueni: Makindu, Kibwezi na Mtito Andei ziko chini ya mbawa au kando kidogo. Aliyekaa dirisha la kulia huitafuta Kilimanjaro. Juisi huletwa, na kabla hujaimaliza mhudumu keshapita kukusanya vikombe.

Zamani safari ya kutoka bara hadi pwani ilikuwa ya miguu, na mabingwa wake hawakutoka Nairobi, mji ambao haukuwapo. Walikuwa Wakamba wa Kitui, eneo ambamo Tulia imo. Katikati ya karne ya 19, Kivoi wa Mwendwa aliongoza misafara ya mamia ya watu kupeleka pembe za ndovu Mombasa. Ni yeye aliyemkaribisha kwake Johann Ludwig Krapf, mmishenari Mjerumani wa Rabai, karibu na Mombasa. Krapf alifunga safari tarehe 1 Novemba 1849 akafika kwa Kivoi tarehe 26. Siku chache baadaye, Desemba 3, mawingu yalifunguka akauona Mlima Kenya na theluji yake, kilomita zaidi ya 150 kutoka aliposimama. Wasomi wa Ulaya walimbeza: theluji gani hiyo ya ikweta? Kivoi hakuhitaji uthibitisho wao, mlima aliujua.

Rabai hadi Kitui, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita kama 330. Zigawanye kwa siku hizo 25 upate kilomita 13 kwa siku, mwendo ambao ndege ya leo huumaliza kwa dakika moja na nusu hivi.

Kisha ikaja reli. Ilianzia Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899. Ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ikaipa Kitui kisogo. Kwa maoni yangu hakuna kilichopanga upya ramani ya Ukambani kuliko hilo: njia ya Kivoi ikabaki bila kazi, na vituo vya maji ya garimoshi vikageuka miji.

Ndege zilifuata mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi, kampuni iliyodumu hadi vita vya 1939. Uwanja wa Wilson bado una jina lake.

Treni ya SGR, reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa iliyozinduliwa Mei 2017, hutumia kama saa 5. Ndege inaishinda, ila jumlisha foleni ya kwenda uwanjani, ukaguzi na kungoja mizigo, utaona faida inavyopungua.

Na mtu wa Tulia? Akitaka ndege, sharti kwanza aende magharibi hadi Nairobi, saa kadhaa za matatu, ndipo arudishwe mashariki kwa dakika 45. Miaka ya karibuni, hata hivyo, barabara ya Kitui–Mutomo–Kibwezi imetiwa lami. Anaweza sasa kushuka moja kwa moja kusini, apite Mutomo na Ikutha, na akifika Kibwezi achague: treni, au basi la Mombasa.