Mlolongo wa Krapf na Kamusi ya Rebmann

Kila Desemba halmashauri zetu za kanisa huketi kupanga mwaka mpya, na karibu kila mara tunaandika malengo mengi kuliko wiki zilizopo: semina, nyumba ya mchungaji, uinjilisti wa vijijini, mashindano ya kwaya. Mwaka ukiisha tunaona aibu kuisoma orodha ile. Basi tunamkumbuka Johann Ludwig Krapf, maana alikuwa mtu wa namna yetu.

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, na mwaka huohuo akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Moyoni alibeba lengo kubwa mno: mlolongo wa vituo vya misheni kutoka pwani yetu, kulikata bara zima, hadi pwani ya magharibi. Mwaka 1846 alikuja Johannes Rebmann, wakaanza kituo Rabai. Krapf akaenda Usambara, akaenda Ukambani, akirudi mgonjwa na kupanga tena. Mwaka 1853 afya ilimshinda, akarejea Ulaya. Kituo kilichobaki kimesimama ni kile kimoja cha Rabai.

Rebmann naye alianza kwa safari. Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, na mabingwa wa jiografia waliokaa Ulaya wakambishia. Katika safari yake ya tatu Uchagani, Mangi Mamkinga wa Machame alimmalizia bidhaa zote alizokusudia kufika nazo Unyamwezi. Tangu hapo alitulia Rabai. Aliketi na Salimini, mtumwa aliyetoka pande za Ziwa Nyasa, akimwuliza neno moja baada ya jingine, mpaka ikapatikana kamusi ya lugha ya huko. Aliitafsiri pia Injili ya Luka kwa Kiswahili. Macho yakaingia giza. Aliondoka mwaka 1875, baada ya karibu miaka 29, bila kurudi kwao hata mara moja.

Ingekuwa rahisi kusema Rebmann ndiye aliyejua kupanga kazi. Tunasita. Miaka yote hiyo waumini wa Rabai walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na mtu anayeinamia daftari lake kutwa aweza asimsikie anayebisha hodi. Mwongofu wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu aliyekaribia kufa, na aliyembatiza ni Krapf, yule mtu wa safari na mipango isiyotimia.

Tena, Krapf naye alikuwa na daftari. Katikati ya mipango yake yote alikuwa akiokota maneno ya Kiswahili, leo haya, kesho yale, kazi ambayo hakuna halmashauri ingeipigia makofi. Mlolongo haukujengwa, maneno yalitoka kama kamusi mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kabla ya hapo, akiwa mzee huko Korntal, Ujerumani, alikuwa ameweka kando karatasi zake mwenyewe ili atengeneze zile za Rebmann, aliyefariki mwaka 1876. Kamusi ile ya Salimini na Rebmann ilichapishwa mwaka 1877.