Ramani kama Matini: Kibera na Suala la Msomaji

Ramani, sawa na utenzi au riwaya, ina mtunzi, ina msomaji na ina ukimya wake. Hoja hii ilitiwa nguvu na J. B. Harley mwaka 1989, alipowahimiza wanahistoria wa ramani wazisome kwa mbinu za uhakiki wa matini, wachunguze yaliyoachwa nje pamoja na yaliyochorwa. Aghalabu hoja hiyo huthibitishwa kwa ramani za wakoloni peke yake. Kibera, jijini Nairobi, ni mfano ulio mgumu zaidi, kwa kuwa hapo mtunzi alibadilika waziwazi ilhali suala la msomaji likabaki palepale.

Jina lenyewe ni ushahidi. Kibra, kwa Kinubi, ni msitu. Askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan walipewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 likatangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Mpaka ulichorwa, haki ya waliokaa ndani yake haikuandikwa. Hati ya ardhi ambayo jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hatimaye mwaka 2017 ilihusu ekari 288 tu. Katika muda huo wapangaji walimiminika na mabanda yakasongamana, lakini ramani rasmi ziliendelea kuonyesha msitu. Palipokosekana maandishi pakaingia tetesi: ilisemwa kuwa Kibera ina watu milioni moja au zaidi, hadi sensa ya 2009 ilipohesabu takriban 170,000. Hesabu hiyo nayo ilipingwa.

Mwaka huohuo wa 2009 Kibera iliandikwa mara mbili. Mnamo Januari, msanii Mfaransa JR, katika mradi wake wa Women Are Heroes, alifunika mapaa yenye jumla ya mita 2,000 za mraba kwa picha za macho na nyuso za wanawake wa mtaa huo. Picha zilichapishwa kwenye plastiki isiyopenya maji, hivyo zikawa pia kinga dhidi ya mvua. Hilo si jambo dogo kwa mwenye bati linalovuja. Hata hivyo, sura nzima ilionekana vyema kutoka angani. Mwenye nyumba alipata paa. Msomaji alikuwa mtu mwingine, wa mbali.

Mwishoni mwa mwaka, vijana 13 wa Kibera walianza mradi wa Map Kibera pamoja na Erica Hagen na Mikel Maron. Walitembea vichochoroni wakiwa na vifaa vya kupokea mawimbi ya satelaiti, wakaweka vijia, vilula vya maji, vyoo, zahanati na shule katika OpenStreetMap, ramani huria ya intaneti. Hapa mtunzi alikuwa mwenyeji. Lakini matini ilihifadhiwa mahali ambapo jirani asiye na kompyuta hangeweza kuifikia, na ndiyo sababu kazi iliyofuata ya kuichapa kwenye karatasi na kuichora ukutani ina uzito kuliko inavyopewa na wanaosifu teknolojia.

Wasanifu wa Kounkuey Design Initiative, walioanza shughuli zao Kibera mwaka 2006, walifuata njia nyingine. Walikusanya maarifa ya wakazi kuhusu mto na mafuriko, kisha wakayageuza kuwa viwanja vya umma, madaraja na vyoo. Ramani yao husomwa kwa kukanyagwa.

Mnamo Julai 2018 makazi ya maelfu ya watu yalibomolewa Kibera ili kupisha barabara. Kuonekana kwenye ramani hakukuwa kinga. Barabara hiyo sasa ni mstari kwenye ramani. Lakini hifadhi ya OpenStreetMap hutunza matoleo ya awali ya kila alama iliyobadilishwa au kufutwa, na mtafiti anaweza kuyafungua na kulinganisha.