Darubini na deni la alama mbili

Jumamosi nilitoka nyumbani Kileleshwa kuingia mjini bila haja ya kununua kitu. Karibu na Mtaa wa Biashara mchuuzi wa vitu vikuukuu akanionyesha bomba la shaba lenye mirija mitatu inayoingiana. “Mzee, hii ni darubini ya nahodha,” akasema. “Soma hapa: Dollond, London.”

Kweli iliandikwa hivyo. John Dollond alipata hataza mwaka 1758 ya kuunganisha vioo vya aina mbili ili picha isizungukwe na rangirangi, na darubini za jina lake zikaenea melini. Jina likaigwa mno pia, kwa hiyo sikutoa hela.

Kilichonishika ni sentensi yake. Nahodha ni neno la Kiajemi. Darubini nayo ni ya huko huko: dur ni mbali, bin ni mzizi wa kuona. Chombo chenyewe kilizuka Uholanzi, ambako Hans Lipperhey aliomba hataza mwaka 1608, lakini jina hatukulipata kwa Waholanzi. Wahindi husema durbin, Waarabu wa Ghuba darbil, na hao ndio waliokuja na pepo za kaskazi hadi Lamu na Mombasa. Kiswahili hakipendi r na b zigandane, basi kikatia irabu. Kamusi za zamani huandika durabini. Baadaye irabu zikabadilishana nafasi.

Hapa nina deni. Miaka mingi iliyopita mwanafunzi wangu mmoja kutoka pwani aliandika kwamba -bini ya darubini na ya hadubini ni moja, tena si ya Kiarabu. Nikamkata alama mbili. Wakati ule, neno likishanukia bahari tu, wengi wetu tuliliita la Kiarabu tukasonga mbele. Hadubini nayo tuliidharau, eti ni darubini iliyopindwa na watunzi wa vitabu vya sayansi. Kumbe Kiurdu huiita khurdbin, na khurd ni kitu kidogo! Kwa maoni yangu hadubini ni ya ukoo huo: moja yaona vya mbali, nyingine yaona vidogo.

Yule mwanafunzi sasa ni mwalimu. Jioni ile nilimpigia simu nikamweleza yote. Alicheka, kisha akauliza, “Sasa Profesa, hizo alama mbili utanirudishia lini?”